Stelingi Aliyetaka Kimya

Juzi nilikuwa nimekaa saluni hapa Geita, kichwa kimepakwa dawa, nikasikia sauti kutoka duka la jirani iliyonifanya nicheke peke yangu. Ilikuwa sauti ya mtafsiri wa mikanda, nzito, ya haraka, yenye mkwaruzo, imepanda juu ya milio ya risasi. "Sasa hapa adui anamwambia stelingi, leo utanitambua! Stelingi anamjibu, kunywa maji kwanza!" Msusi wangu alidhani dawa imeniunguza. Nikamwambia hapana dada, nimekumbuka nyumbani tu.

Nyumbani ni Maganzo. Kwa msiopajua, ni mji mdogo uliojipanga kando ya barabara ya Shinyanga kwenda Mwanza, jirani na Mwadui. Nilipokuwa mtoto niliamini dunia ina watu wa aina mbili, wanaochekecha mchanga kutafuta almasi na wanaowauzia chakula. Sisi tulikuwa wauza chakula. Baba alikuwa akisafiri kwenda Ushirombo kununua mchele na maharage, na Mama, mzaliwa wa Tabora, alikaanga vitumbua mbele ya nyumba. Nililala na kuamka ndani ya harufu ya iliki. Hata daftari zangu za shule zilinukia iliki, na mwalimu wa darasa la tatu alikuwa akizifunga taratibu kuliko za wenzangu.

Nilikuwa na mdogo wangu mmoja, Sudi. Alikuwa mtoto mzuri wa sura, mwenye kope ndefu ambazo wanawake wote waliokuja kununua vitumbua walizitamani. Lakini Sudi alikuwa na yake. Hakutazama mtu usoni. Akikutana na baiskeli alichuchumaa, akalizungusha gurudumu la nyuma kwa kidole na kulitazama mpaka lisimame, kisha akalizungusha tena. Kelele zilimtesa. Lori likipiga honi barabarani aliziba masikio na kujikunja kama aliyemwagiwa maji ya moto. Na kubwa kuliko yote, mbele ya macho ya watu, Sudi hakusalimia.

Sijui kama mtu wa mji mkubwa anaweza kuielewa aibu hiyo. Kwetu mtoto alianza siku kwa salamu kabla ya chai. Shikamoo kwa huyu, mwangaluka kwa wazee wa Kisukuma waliotoka mashambani, ukipiga na goti ikibidi. Sudi alimpita Mzee Nkwabi, jirani yetu, kana kwamba anapita mti, akaenda moja kwa moja kuchuchumaa kwenye baiskeli ya mzee. Mzee Nkwabi alikuwa na baiskeli aliyoipenda kuliko wakeze, na alikuwa na sauti. "Mama Zaituni! Huyu mtoto mmemlea au ameota tu?" Mama alitoka mikono imejaa unga, akamwomba radhi, akamvuta Sudi taratibu. Watoto wa mtaa walimwita Sudi zuzu. Zaituni ni mimi, kwa hiyo niliitwa dada wa zuzu, na nililia zaidi kwa jina hilo kuliko Sudi mwenyewe, ambaye sidhani kama aliwahi kulisikia.

Alichokisikia Sudi ni sauti ya Shija. Shija alikuwa kijana aliyeacha kuchimba baada ya udongo kumfukia mguu, akafungua banda la video la mabati ng'ambo ya barabara. Alikuwa na jenereta, televisheni yenye mgongo mkubwa, deki, na kipaza sauti alichokishika kama mhubiri. Mikanda ilikuwa ya Kiingereza au Kichina, na Shija alitufasiria yote. Stelingi, yaani yule shujaa anayeshinda wote na hafi, alizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Shinyanga. Maadui nao walizungumza hivyo hivyo. Kila bosi wa maadui aliitwa Masunga, sijui kwa kosa gani la Masunga halisi. Sisi hatukuona ajabu yoyote. Tuliamini ndivyo wanavyosema huko kwao.

Sudi hakuweza kuingia bandani kwa ajili ya makelele, ila alikaa nje, nyuma ya bati, mahali ambapo milio ya risasi ilififia na sauti ya Shija ikabaki. Maneno yake mwenyewe yalikuwa machache sana, lakini ya Shija aliyahifadhi yote, pamoja na mkwaruzo. Ukimuuliza, "Sudi, unataka uji?" alikujibu kwa sauti ya mtu mzima, "Leo utanitambua!" Mama alikuwa akicheka mpaka anakaa chini. Baada ya muda tukajua kwamba "leo utanitambua" ni ndiyo, nataka uji, na "Masunga, kwisha habari yako" ni hapana.

Basi siku moja ya Jumamosi mchana Shija akaonyesha mkanda mpya. Niliketi kwenye benchi la mbele, nikitafuna michembe, yale viazi vitamu yaliyokatwa na kuanikwa, iliyokauka vizuri, ile unayoisikia ikivunjika mpaka kichwani. Stelingi wa siku hiyo alikuwa fundi saa. Hakumtazama mtu usoni. Alipanga vijiko vyake mezani kwa mstari, na king'ora kilipolia mtaani aliziba masikio. Niliacha kutafuna. Dotto, mbabe wa watoto wa upande wetu, alinigeukia kinywa wazi. "Zaituni! Si Sudi huyo?"

Kwenye mkanda, daktari mwenye miwani alimweleza dada wa stelingi jambo refu la Kiingereza. Tulimsubiri Shija. Alikohoa. "Daktari anasema... bwana huyu ana ugonjwa wa akili kali. Akili zimejaa sana, ndiyo maana macho hayana nafasi ya kutazama watu." Banda zima likasema aaah. Wachimbaji wazima waliokaa nyuma, miguu myeupe kwa vumbi, walitikisa vichwa kama waliofumbuliwa jambo zito.

Kisha maadui wakamteka yule dada. Fundi saa akaenda kumtafuta kwenye kiwanda cha zamani, na Masunga, kwa kuwa alijua udhaifu wake, akafungulia king'ora kikubwa. Stelingi alianguka, akajikunja, akaziba masikio. Tukadhani amekwisha. Lakini king'ora kilipozidi, alifumbua macho, akainuka, na hapo hapakuwa na adui aliyebaki na meno. Aliwapiga wa kulia bila kuwatazama, akawapiga wa kushoto bila kuwatazama. Watu walisimama juu ya mabenchi. Shija alipaza sauti mpaka ikakauka: "Kelele ndiyo inayowasha mashine! Mmeiwasha wenyewe!"

Tulitoka mle ndani tukiwa watu wengine. Sudi alikuwa nyuma ya bati, akichora duara mchangani. Watoto walimzunguka kwa mbali, kwa heshima. Dotto alisogea, akakohoa kama Shija, akasema, "Stelingi, shikamoo." Sudi hakumtazama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake kutotazama huko kukahesabiwa kuwa ni sifa.

Siku zilizofuata zilikuwa tamu, siwezi kuficha. Dada wa zuzu alikufa, akazaliwa dada wa stelingi. Nilipewa nafasi ya mbele bombani. Watoto walimletea Sudi magurudumu, la baiskeli iliyokufa, la toroli, hata kifuniko cha gurudumu la gari ambacho sikuuliza kilitoka wapi. Aliyapanga uani na kuyazungusha moja baada ya jingine, na furaha iliyokuwa usoni mwake ilikuwa ya kweli. Mzee Nkwabi naye habari zilimfikia. Sudi alipompita bila salamu, mzee alimnyamazisha mkewe kwa mkono. "Mwache, anawaza." Akamwachia hata baiskeli, ingawa alisimama karibu nayo.

Mama peke yake hakufurahi. Aliyatazama yale magurudumu, akatutazama sisi, akaendelea kukaanga. "Na siku wakitaka awapiganie?" aliniuliza. Nilimwambia stelingi huwa hashindwi. Aligeuza kitumbua.

Siku hiyo haikuchelewa kufika. Watoto wa ng'ambo ya barabara walitaka kutunyang'anya kiwanja cha mpira, na Dotto akawapelekea ujumbe kwamba waje wote, wengi wanavyotaka, sisi tuna mmoja tu. Asubuhi hiyo alikuja kumchukua Sudi kwa kumwonyesha gurudumu jipya, na Sudi akalifuata. Nami nilifuata, nimevaa gauni la Idd, maana dada wa stelingi huvaa vizuri siku ya pambano.

Wale wa ng'ambo walikuwa wamejipanga. Sudi aliketi katikati ya kiwanja, gurudumu lake mapajani, bila habari na mtu. Dotto akainua mkono, na hapo nikaona vitu walivyobeba wenzake. Madebe, mifuniko ya masufuria, filimbi ya mwalimu. Walianza kupiga vyote kwa pamoja, nyuma ya kichwa chake. Walikuwa wakiwasha mashine.

Sudi alianguka. Alijikunja, akaziba masikio, akapiga ukelele ambao bado naujua. Nilikimbia nikamshika Dotto mkono, nikamwambia acha, anaumia! Dotto alinitazama kwa mshangao wa kweli, jasho likimtoka, bila chembe ya ubaya. "Bebe, wewe Zaituni, si umeona mwenyewe? Hata kwenye mkanda alianguka kwanza!" Na akawaamuru wenzake waongeze.

Kwa hiyo kadiri alivyolia ndivyo walivyopiga. Hata wale wa ng'ambo walirudi nyuma, wakisubiri ainuke. Akainuka kweli. Alijiuma mkono, akatimua mbio, lakini si kuelekea kwa adui yeyote. Alikimbilia barabarani. Lori la pamba lilikuwa linakuja. Nilisikia breki, nikasikia honi, nikafumba macho. Nilipoyafumbua, lori lilikuwa limesimama mshazari, pamba nyeupe zinaelea hewani, dereva anatukana wazazi wetu wote, na Sudi hayupo. Alikuwa amevuka.

Tulimkuta kwenye banda la Shija. Alikuwa ameingia chini ya benchi la mwisho, kwenye giza, na Shija alikuwa amepiga magoti akimchungulia, hajui la kufanya. Jenereta lilikuwa linanguruma kwa majaribio. Mama alifika nyuma yetu, pekupeku, unga hadi kwenye viwiko. Hakumpiga mtu. Alikwenda kulizima jenereta kwa mkono wake, akajilaza kwenye ile sakafu ya vumbi kando ya benchi, akakaa hivyo bila kumgusa Sudi, mpaka pumzi ya mtoto ikashuka. Sote tulisimama mlangoni. Madebe tulikuwa tumeyaacha kiwanjani.

Alipoinuka ndipo akamgeukia Shija.

"Shikamoo, mama," Shija alisema.

"Marahaba. Shija mwanangu, mimi nilikuwa na Sudi. Watoto hawa wameniletea stelingi, na wamemtoa humu kwako. Nirudishie Sudi wangu."

"Mayu, mkanda ndivyo ulivyo," alisema Shija, akimwita mama kwa Kisukuma jinsi alivyokuwa akiogopa. "Mimi natafsiri tu."

"Kiingereza unakijua?"

Shija alitutazama sisi wateja wake mlangoni, akatazama kipaza sauti. Kisha akatazama chini. "Sikijui."

"Hata kidogo?"

"Najua goo na kamoni."

"Basi kama unatunga," alisema Mama, "tunga vizuri."

Jamani, mnajua ilivyokuwa kwetu kusikia hivyo? Kumbe Masunga hakuwa Masunga! Dotto alikaa chini kabisa. Lakini Shija hakukasirika. Alijikuna kichwa, kisha akamwambia Mama kwamba kesho mchana atauonyesha mkanda ule ule upya, bila kiingilio, na amlete mtoto.

Kesho yake banda lilijaa mpaka madirishani. Mama alijitanda kanga akaketi mlangoni, mwanamke wa kwanza mwenye heshima zake kuonekana mle, na Sudi alikuwa mapajani pake na gurudumu la toroli. Jenereta lilikuwa limevutwa mbali nyuma ya nyumba kwa waya mrefu. Na Shija alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliizima kabisa sauti ya televisheni. Hapakuwa na risasi wala muziki, ikabaki sauti yake peke yake, tena ya chini.

Daktari mwenye miwani alipotokea, Shija alisema, "Daktari anamwambia dada yake, ndugu yako haumwi. Amezaliwa hivi. Kusalimia kunamchosha, msimlazimishe. Kelele zinamuuma kama sisi tunavyoumwa na jino."

Mchimbaji mmoja alilalamika kutoka nyuma. "Bebe Shija! Mbona siku ile ilikuwa akili kali?"

"Siku ile nilikosea."

Tukafika kiwandani. King'ora kikaanza kuzunguka na taa zake nyekundu, kimya kabisa, na stelingi akaanguka. Nilimtazama Dotto, alikuwa ameuma kidole. Shija alisogeza kipaza sauti karibu na mdomo, akasema polepole, "Hapa stelingi anasema, punguzeni sauti, jamani. Masikio yangu yanauma."

Hakuna aliyecheka. Lakini mkanda haukumsubiri Shija. Stelingi aliinuka na kuanza kazi, mateke kulia, ngumi kushoto, maadui wanapita madirishani, na sisi wote tukamgeukia mtafsiri tuone atatokaje hapo. Shija alikisogeza tena kipaza sauti.

"Anatafuta swichi," alisema. "Ya king'ora. Hawa wote wamesimama mbele ya swichi."

Banda lililipuka kwa kicheko. Kila adui aliyeruka, watu walisema kwa pamoja, "Swichi!" Mzee Nkwabi, ambaye hakuwa na kawaida ya kuingia pale, alicheka hadi kofia ikamwanguka. Mwishoni fundi saa alikivunja kile king'ora kwa nyundo, taa zikazimika, na Shija akamaliza: "Ameipata. Sasa kumetulia. Anarudi nyumbani na dada yake, wakale."

Sudi aliutazama mkanda mzima. Nadhani alichokipenda zaidi ni magurudumu ya magari ya maadui, lakini aliutazama mzima, ndani ya banda, pamoja na watu. Mama alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya kanga, anacheka.

Siku chache baadaye mafundi walikuwa wakipiga misumari kwenye paa la jirani mwingine. Sudi alitoka uani, mikono masikioni, akasimama chini ya ngazi. Tukasikia ile sauti ya mkwaruzo kutoka kwenye mwili mdogo ule: "Hapa stelingi anasema, punguzeni sauti, jamani. Masikio yangu yanauma." Nyundo zilisimama. Mafundi walitazamana, wakacheka, wakamwomba Mama ampeleke mtoto kwa Mzee Nkwabi mpaka wamalize. Tangu hapo ikawa hivyo sokoni, msibani, hata shuleni alipoanza. Aliyekuwa mwepesi kuliko wote kuwanyamazisha watu alikuwa Dotto. "Hamjasikia? Stelingi amesema!"

Wakati ule mimi nilinuna kidogo, maana sifa zangu za bombani ziliisha, na Shija nilimwona ameharibu mkanda mzuri. Neno usonji nililijua nikiwa mtu mzima, hapa Geita, kwa mwalimu wa mwanangu, na nilipolisikia niliona uso wa Sudi. Siku hizi naangalia mikanda mingi ya namna ile kwenye simu, na bado nayapenda mapigano yake, nisiwadanganye. Lakini kila ninapomwona mtu wa aina ya ndugu yangu, najua kabla hajafumbua mdomo kwamba baada ya robo saa atakuwa ameua watu. Ni kana kwamba mtu asiyejua kusalimia hawezi kupendwa hivi hivi, ni lazima kwanza awe hatari. Shija, na goo na kamoni yake, alimpa Sudi kitu ambacho wale wenye Kiingereza chao hawajampa bado. Alimpa sentensi ya kuomba anachokitaka, kwa sauti aliyokwisha kuijua.

Idd iliyopita nilikwenda Maganzo na mwanangu. Sudi ni mwanamume mrefu sasa, kope zile zile. Anashinda kwenye kibanda cha Dotto cha kutengeneza baiskeli, anajaza upepo na kuzungusha magurudumu kuona kama yamenyooka. Si fundi hodari, wala hakuna anayemdai awe. Jioni mwanangu alikuwa mkekani na simu yangu, anaangalia mkanda, risasi zinalia. Sudi alikuja akasimama karibu, mikono inapanda masikioni. "Hapa stelingi anasema, punguzeni sauti, jamani."

Mtoto akapunguza mara moja, akamtazama kwa macho ya kumstaajabia. "Mjomba, kwani stelingi ni wewe?"

Sudi alilizungusha gurudumu lililokuwa mkononi mwake, akalisubiri lisimame. Mama alikuwa jikoni, na nilimsikia ameacha kukoroga.

"Sudi," mjomba alimjibu mtoto.

Mama akaendelea kukoroga uji.